Kuanzisha laini ya maswali na malalamiko kambini Uganda: mwongozo kamili

Kila baada ya muda anatokea mtu Nakivale au Kyaka II na programu mpya ya simu kwa ajili ya wakimbizi. Ina ramani, ina rangi, inataka simu janja na bando. Ufadhili ukiisha, na yenyewe imekwisha. Kasoro huwa ile ile: malalamiko yanaingia na hakuna anayeyajibu, kwa hiyo watu wanaacha kutuma.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo, vijana wanane au kumi, wakimbizi na wenyeji wa wilaya kwa pamoja, wanaotaka namba moja ambayo mama mwenye katochi, ile simu ndogo ya vitufe, anaweza kuuliza swali lake, kusema bomba la kijiji limekauka, au kujua nani anagombea uongozi wa mtaa wake. Mifano mingi ni ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kwa sababu pale Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Runyankole vinakutana kwenye foleni moja ya maji. Kyangwali, Rwamwanja au Katwe hapo Kampala, kazi ni ile ile.

Msimamo wangu nautaja mapema, maana hatua zote zinautegemea: usipokee lalamiko usilo na pa kulipeleka.

Hatua ya kwanza: okota maswali kabla ya kugusa kompyuta

Kaeni pale watu wanapokaa wakingoja. Kwenye foleni ya maji, kwenye kibanda cha kuchaji simu, kwa wakala wa mobile money siku pesa za mgao zinapoingia, nje ya kituo cha afya, baada ya ibada. Msihoji mtu. Sikilizeni, na kila swali liandikwe kwa maneno ya aliyeliuliza, hata kama yamechanganyika na Kifaransa.

Mtasikia mambo kama haya. "Jirani yangu anapata, mimi nimekatwa, niko kundi gani?" Hilo linatokana na mgao kugawanywa kwa makundi ya uhitaji: mwaka 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilianza kuzipa familia viwango tofauti, na wale walioonekana wanajiweza wakaondolewa kabisa. "Mtoto wangu kazaliwa hapa, anaongezwaje kwenye atestesheni?" (ndiyo karatasi ya usajili wa familia ya mkimbizi). "Kuna bwana anauza nafasi ya kwenda Canada, ni kweli?" "Nikienda kufanya kazi Mbarara, nitapoteza kadi?"

Yakifika maswali hamsini hivi, yatandazeni mezani na kuyagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lina jibu linalojulikana, na jibu hilo halibadiliki kila wiki. La pili linahitaji mtu wa kufuatilia: bomba, jina lililokosewa, dawa zilizokwisha. La tatu ni mambo ambayo hayafai kupita kwenye laini yenu hata kidogo, na nitayarudia chini kwa sababu ndiyo yanayoweza kumuua mtu.

Jambo moja la kuangalia mapema. Mwaka 2018 OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi, na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walifanya uhakiki wa wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho, baada ya tuhuma kwamba hesabu ilikuwa imetiwa chumvi. Takriban milioni 1.4 waliokuwa kwenye vitabu wakashuka hadi takriban milioni 1.1. Tangu hapo, kijana akitokea na tableti na kuanza kuuliza majina, baadhi ya watu watamtajia watoto wasiokuwepo na wengine watajifungia ndani. Daftari la shule na kalamu havimshtui mtu. Anzeni navyo.

Hatua ya pili: watafute watakaojibu, na muwafunge kwa karatasi

Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayorukwa kwa sababu haina picha nzuri ya kupeleka kwa mfadhili.

Jueni kwanza kilichopo. Tangu 2018 kuna laini ya pamoja ya mashirika, inayojulikana kwa herufi FRRM, namba 0800323232, na kuipiga ni bure. Msijenge nyingine ya kushindana nayo. Watu wengi hawaifahamu, au walipiga wakasubiri wakakata tamaa, au hawakumbuki walipewa jibu gani. Nafasi yenu ipo hapo katikati: kumsaidia mtu kupanga swali lake vizuri, kumwonyesha namba, kisha kumuuliza wiki mbili baadaye kama alijibiwa. Kabla ya kuiandika ukutani, ipigeni wenyewe, saa ile ile watu wenu watakayopiga na kwa lugha watakayoitumia, muone inachukua muda gani. Pesa za misaada zimepungua sana, na huduma iliyokuwa nzuri mwaka jana inaweza kuwa na mpokezi mmoja leo.

Kisha chukueni lile fungu la pili na kwa kila aina ya lalamiko mtafute mtu, si ofisi. "Maji: fulani wa kamati ya maji, Jumanne na Ijumaa." "Chakula: dawati la malalamiko pale kwenye kituo cha mgao." "Majina na nyaraka: ofisi ya OPM, siku za usajili." Viongozi wa RWC, mabaraza ya uongozi ya wakimbizi wenyewe, kuanzia wa kijiji hadi wa kambi nzima, lazima wawemo, na wawemo mapema. Mwenyekiti wa RWC akisikia habari ya laini yenu kutoka kwa mtu mwingine, ataiona kama ofisi ya kumpeleleza, na hatakuwa amekosea sana.

Kwa kila mmoja andikeni ukurasa mmoja tu: tutakuletea nini, kwa njia gani, utajibu ndani ya siku ngapi, na usipojibu tutapanda kwa nani. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye meno, na ndiyo watakayojaribu kuifuta. Ibakizeni. Lalamiko la maji lisilojibiwa na kamati ndani ya siku saba linakwenda kwa shirika linalosimamia maji. Likikaa siku kumi na nne linakwenda ofisi ya kamandanti, mkuu wa kambi, na kwenye kikao cha uratibu. Kila mtu anaijua njia kabla ya ugomvi kuanza.

Yapo mambo yanayozidi uwezo wa kambi nzima, kama kukatwa kwa mgao wenyewe. Hayo yapelekeni kwa wawakilishi wa Refugee Engagement Forum, jukwaa lililoanza 2018 ambalo lina viti kwenye kamati ya taifa inayosimamia mpango wa wakimbizi. Na msimwahidi mtu kwamba litabadilika. Mwambieni limepelekwa, basi.

Hatua ya tatu: vibali

Nitapita haraka, kwa kuwa ni kazi ya miguu zaidi kuliko akili.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006, kifungu cha 29, inampa mkimbizi haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyo vya faida. Kwa hiyo mnaweza kujisajili kama kikundi cha kijamii, CBO, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya. Cheti hicho kitawafungulia akaunti ya benki na laini ya simu kwa jina la kikundi. Halafu barua ya Idara ya Wakimbizi ya OPM ya kuwaruhusu kufanya kazi kambini. Nakala yake impeni kamandanti, na nyingine iwe mfukoni mwa kila mpokezi.

Kifungu cha 35 cha sheria hiyo hiyo kinamkataza mkimbizi kujihusisha na siasa ndani ya Uganda, za mtaa hata za taifa. Msicheze nacho. Laini yenu haitangazi mgombea wa ubunge, haikusanyi maoni juu ya chama chochote, na kikundi chenu cha WhatsApp hakisambazi video za kampeni. Demokrasia ambayo mkimbizi anaruhusiwa kuifanya nitaieleza mbele, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kibali cha tatu ndicho kinachosahaulika. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, na kanuni zake za 2021 zinadai usajili kwa ofisi ya ulinzi wa data, PDPO, unaohuishwa kila mwaka. Kikundi cha vijana nane chenye daftari la namba za simu nacho kimo. Afya ya mtu, dini yake, msimamo wake wa siasa na hali yake ya fedha ni taarifa za pekee kwa sheria hiyo, na taarifa za mtoto zinataka idhini ya mzazi au mlezi. Data ikivuja, ofisi hiyo inatakiwa kuarifiwa mara moja.

Hatua ya nne: chagueni chombo, na mchague kidogo

Simu ya kawaida na SMS. Hapo ndipo mnapoanzia, na vikundi vingi havihitaji kwenda mbele zaidi.

Laini iwe moja, namba rahisi kukariri, imesajiliwa kwa jina la kikundi. Ikiwa kwa jina la mwenyekiti, siku akigombana nanyi au akipata safari ya kuhamia nchi ya tatu, anaondoka na namba yenu. Kwa miaka mingi wakimbizi walishindwa kusajili laini kwa kukosa kitambulisho cha taifa. Agosti 2019 tume ya mawasiliano, UCC, iliruhusu nyaraka za OPM zitumike, na zikiwemo atestesheni za familia. Hata hivyo utakuta laini moja inatumiwa na nyumba nzima, au imesajiliwa kwa jina la jirani. Kumbukeni hilo kila mnapopiga simu: anayepokea huenda siye aliyelalamika.

Watu hawana salio. Tumieni bipu: anapiga, inalia mara moja, anakata, nanyi mnampigia. Wapangieni saa, kwa mfano saa tatu asubuhi hadi saa saba, na jioni saa kumi hadi saa kumi na mbili, ili mtu asingoje simu usiku kucha. Gharama yote inabaki kwenu, na ndiyo bajeti yenu ya kweli. Tovuti haina haraka.

SMS ina hesabu zake. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, lakini ukiingiza alama moja isiyo ya kawaida, nafasi inashuka hadi herufi 70, na ujumbe mrefu unakatwa vipande na kutozwa kila kipande. Kwa Kiswahili mtego uko kwenye ng'. Mkiandika kwenye kompyuta kisha mkanakili, programu ya kuandikia huigeuza ile alama iliyosimama ikawa ya kupinda, na simu inaihesabu kama herufi ngeni. Chukueni huu:

*Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Anayekuomba pesa ya kukupeleka ng'ambo ni tapeli. Usimpe. Piga bure 0800323232.*

Ni herufi 122, ujumbe mmoja. Kwa alama ya kupinda unakuwa mbili. Kwa watu 800 mmelipia 1,600 bila kujua pesa imepotelea wapi. Andikeni ujumbe kwenye simu yenyewe, au tumieni neno lingine.

Kutuma kwa wengi mnaweza kupitia kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi, ambayo inafanya kazi Uganda pia. Mkikua, ipo RapidPro, programu huria iliyotokana na kazi ya UNICEF na kampuni ya Nyaruka ya Kigali, inayopanga maswali na majibu ya SMS bila mtu kukaa kwenye simu. U-Report, ambayo UNICEF iliianzisha Uganda mwaka 2011, ilithibitisha kwamba vijana wa nchi hii hujibu maswali kwa SMS kwa wingi sana wasipotozwa. Sharti ni hilo la mwisho.

Menyu za nyota na alama ya reli, USSD, zinavutia kwa sababu zinafanya kazi kwenye katochi bila intaneti. Ila skrini moja inabeba herufi 182 hivi, mtu akichelewa kusoma inakatika na kumrudisha mwanzo, na asiyejua kusoma hafaidiki na chochote. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa humfaa zaidi bibi anayeongea Kinyabwisha kuliko menyu yoyote.

WhatsApp itumieni kati yenu na ofisi, msitengeneze kikundi cha wananchi. Kwenye kikundi kila mmoja anaona namba ya mwenzake. Nakivale wapo watu waliokimbia watu, na hao watu wana simu pia.

Kama mnapita nyumba kwa nyumba, KoboToolbox inatosha: fomu inakaa kwenye simu ya Android, inajazwa bila mtandao, inatumwa mkifika kwenye netiweki. Ramani za matukio, za aina iliyoanzishwa na Ushahidi Kenya mwanzoni mwa 2008, ni chombo kizuri kwa nchi iliyomo kwenye ghasia. Kwa kijiji chenye nyumba sitini, kitone kwenye ramani ni anwani ya mtu. Mimi siishauri kambini.

Hatua ya tano: daftari

Usichokiandika hakiibiwi. Kabla ya kuongeza safu kwenye daftari jiulizeni nani atalitumia jibu hilo, lini, kufanya nini. Kabila halina matumizi. Sababu ya kukimbia haina matumizi. Namba ya atestesheni ndiyo ufunguo wa mgao wa familia nzima, na matapeli wanaijua thamani yake. Asije mpokezi yeyote akaipiga picha. Ikibidi itajwe ofisini, mwenyewe aende nayo.

Mstari mmoja wa daftari letu la mfano unasomeka hivi (Juru ni eneo la Nakivale):

*K-0412. Jumatatu. Juru. Maji. Bomba la karibu na shule halitoi tangu Ijumaa, watu wanateka ziwani. Kapewa mtu wa kamati ya maji, saa tano. Jibu: bado. Kumpigia tena: Jumatatu ijayo.*

Jina halimo. Namba ya simu imo kwenye daftari la pili, dogo, lenye K-0412 na namba tu, ambalo linalala kwenye sanduku lenye kufuli nyumba nyingine. Anayeiba moja hajapata kitu. Kwenye kompyuta fanyeni vivyo hivyo kwa faili mbili zenye nywila tofauti. Simu ya laini iwe na PIN, na jumbe zifutwe kila Ijumaa baada ya kunakiliwa. Lalamiko likishafungwa na mwezi kupita, namba ya simu inakatwa kwenye daftari dogo. Kinabaki kisa bila mtu.

Hatua ya sita: kesi ambazo si zenu

Ubakaji. Kupigwa na mume au mzazi. Mtumishi anayedai ngono au hongo. Mtu anayesema amewaona kambini waliomtesa kwao. Mtoto aliye peke yake. Mtu anayetishiwa kurudishwa mpakani kwa nguvu.

Mpokezi akisikia mwanzo wa kisa cha aina hii, anaweka kalamu chini. Hahoji, hataki maelezo, haandiki. Anayehoji bila ujuzi anamlazimisha mtu kusimulia mara ya kwanza kati ya mara tano atakazosimulia, na maelezo hayo yakipishana na ya polisi, wakili wa upande wa pili atayatumia. Kazi ya mpokezi ni kumtia moyo kwa sentensi mbili, kumpa mahali pa kwenda, na kumuuliza kama yuko salama kwa usiku huo.

Mahali penyewe pawe pamebandikwa mezani kwake. Aliyebakwa afike kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia VVU baada ya hapo haifanyi kazi. Polisi wanaweza kufuata. Mambo ya watoto yana laini ya Sauti, 116, bure. Kwa msaada wa sheria ipo Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanza 1999 na yenye ofisi Mbarara pia. Kwa ukiukaji wa haki unaofanywa na chombo cha dola ipo Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, yenye ofisi ya kanda hapo hapo Mbarara. Orodha za zamani bado zina ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Ilifungwa Agosti 2023, ifuteni. Kila mwezi mtu mmoja azipigie namba zote zilizoko kwenye karatasi hiyo.

Malalamiko dhidi ya mtumishi wa shirika yana njia yake: kila shirika lina mtu wa kupokea taarifa za unyanyasaji wa kingono, na UNHCR wana wao. Jina la mtumishi lisitajwe kwenye ubao, redioni wala WhatsApp, hata kama kambi nzima inalijua. Mbali na hatari kwa aliyelalamika, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 ilirekebishwa 2022 ikaongeza makosa ya kusambaza habari za watu. Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu chake cha 25 Januari 2023, lakini msingoje kuwa ninyi wa kupima vilivyobaki.

Hatua ya saba: wapokezi

Wawili kwa zamu, mmoja mwanamke, kati yao wakiongea angalau Kiswahili, Kinyarwanda na lugha ya wenyeji. Wenyeji nao wapige. Sera ya Uganda inataka sehemu ya misaada, kwa kawaida asilimia 30, iwafikie wanaowapokea wakimbizi, na Munyankole anayeteka maji bomba moja na Mkongomani ana haki ya kuuliza kwa nini limekauka.

Maneno ya kwanza ya simu yakaririwe, kwa sababu mpigaji ana matumaini makubwa kuliko uwezo wenu:

*"Jambo mama. Unaongea na laini ya maswali ya vijana wa hapa kambini, si OPM wala HCR. Chakula hatutoi, kuandikisha hatuandikishi. Swali lako tunaweza kulipeleka kwa anayehusika na kukurudishia jibu. Jina lako silihitaji. Niendelee?"*

Akisema ndiyo, endelea. Akianza kulia, mwache alie. Mafunzo mengine yote, ya kujaza fomu na kutumia kompyuta, yanachukua siku moja; kuzoea kusema "sijui, nitakupigia Alhamisi", kisha kupiga kweli Alhamisi, kunachukua miezi. Walipeni wapokezi, hata kidogo. Anayejitolea bure kwa mwaka mzima ama ana njaa ama ana nia nyingine.

Hatua ya nane: majibu yarudi hadharani

Kila wiki mbili bandikeni karatasi kwenye ubao wa RWC, kisimani na kwenye kibanda cha kuchaji: tumeulizwa nini, kimejibiwa nini, kipi bado na kwa nani. Herufi kubwa, Kiswahili cha kawaida. Siku ya soko someni hiyo hiyo kwa kipaza sauti. Msiandike idadi ndogo. "Mwanamke mmoja wa kijiji fulani amelalamikia duka la mgao" ni sawa na kumtaja kwa jina. Subirini wafike watano, au mseme "baadhi ya watu wa eneo la Rubondo".

Kuhusu uvumi, msirudie uongo ili kuukanusha, maana wanaosikia nusu wataondoka na nusu ya uongo. Semeni lililo kweli, nani kalisema, na lini. Ofisi ikikataa kusema, bandikeni hivi: "Tumeuliza tarehe fulani, hatujajibiwa." Karatasi ya namna hiyo huleta jibu haraka kuliko barua tatu.

Hatua ya tisa: kura na vitabu vya serikali

Mkimbizi hapigi kura ya Uganda, lakini viongozi wa RWC huchaguliwa na wakimbizi wenyewe chini ya usimamizi wa OPM. Hapa laini yenu ina kazi halali kabisa: tarehe, mahali, nani anaruhusiwa kupiga kura, wagombea ni nani. Kila mgombea mpeni maswali matatu yale yale na nafasi sawa kwenye ubao. Akishachaguliwa, ahadi zake zibaki zimebandikwa. Hakikisheni wanawake wanaulizwa saa ya kikao inayowafaa. Kikao cha saa nane mchana siku ya kuteka maji kimeshawachagulia watu kiongozi.

Wenyeji ndani ya kikundi wana silaha ya ziada. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa raia haki ya kudai taarifa kutoka ofisi yoyote ya serikali, nayo ofisi inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Ikinyamaza, inahesabiwa imekataa na mnaweza kukata rufaa. Haki hiyo ni ya raia tu. Kwa hiyo ombi la bajeti ya visima vya wilaya, au mkataba wa barabara inayopita kambini, lisainiwe na mwenzenu raia wa Uganda, kwa barua au kupitia tovuti ya Ask Your Government iliyoanzishwa 2014. Wakimbizi wanajua kisima gani hakikuchimbwa, raia anaweza kudai karatasi inayosema kilichimbwa. Mkifanya kazi mbali mbali, hamna hata moja.

Intaneti ikizimwa

Pangeni kama vile itazimwa. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016 mitandao ya kijamii ilifungwa na mobile money ikasimama nayo. Januari 2021 intaneti ya nchi nzima ilikatwa usiku wa kuamkia kura na kukaa hivyo karibu siku tano, na Facebook iliyofungwa siku hizo haikufunguliwa mambo yalipotulia. Kwa hiyo ukurasa wa Facebook usiwe mlango wenu mkuu. Wiki moja kabla ya uchaguzi wowote chapisheni daftari la kazi kwenye karatasi, nunueni salio la kupigia simu la wiki mbili, toeni pesa taslimu kwa wakala, na mkubaliane nani anapanda boda kwenda Juru na nani Rubondo, saa ngapi. Katika siku hizo mpokezi asibebe simu ya laini barabarani.

Siku ya kufunga

Itafika, na ni heri mwipange mkiwa bado na nguvu. Miezi miwili kabla, acheni kupokea malalamiko mapya yanayohitaji ufuatiliaji mrefu. Yaliyo wazi yapelekeni FRRM, na kila mwenye lalamiko apigiwe aambiwe limekwenda wapi. Andikeni OPM, RWC na PDPO. Daftari dogo la namba lichomwe mbele ya mashahidi wawili na karatasi ya kushuhudia isainiwe. Kompyuta isafishwe na fundi mnayemwamini, isiuzwe na diski yake.

Laini yenyewe msiitupe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kampuni ya simu, na mtu asiyewajua ataanza kupigiwa usiku na mama anayetaka kusema jambo zito. Ikabidhini kwa kikundi kingine kwa maandishi, au muiwekee salio kila mwezi kwa mwaka mmoja na ujumbe wa sauti unaosema huduma imefungwa tarehe fulani, piga 0800323232, na kama ni mtoto piga 116.